Ibada Kwanza, Pilau Baadaye: Mwongozo wa Krismasi ya Kikristo Mombasa

Desemba ikifika, Mombasa hubadilika. Kaskazi imeshika, joto limepanda, maembe yamejaa mikokotenini, ile miti ya maua mekundu tuitayo mikrismasi imewaka kando ya barabara. Treni zinashusha wageni wa bara pale Miritini, na wenyeji nao, wale ambao kwao ni Taita, Ukambani au Nyanza, wanafunga mizigo waende. Katika pilikapilika hizo Wakristo wengi husema kwa masikitiko kwamba Krismasi imepotea, kwamba imekuwa ni kula, kunywa na nguo mpya. Lawama huangukia mapambo ya madukani, Baba Krismasi, muziki wa mitaani.

Mimi naona lawama hizo haziko mahali pake. Mapambo hayajamzuia mtu kusali. Kinachomsukuma Kristo pembeni ni ratiba. Tunapanga safari, tunapanga mbuzi, tunapanga ufuo, halafu ibada tunaipa nafasi itakayobaki, na nafasi haibaki. Kwa hiyo kila nitakalolieleza hapa linatokana na kanuni moja: andika ibada kwanza, kisha sherehe yote izungushwe kwayo. Nimewaza familia za madhehebu mbalimbali, Wakatoliki, Waanglikana, Wamethodisti, Wapentekoste. Lisilokuhusu lipite, lakini kanuni ishike.

Jambo moja nilimalize mapema kwa sababu huulizwa kila mwaka. Biblia haitaji tarehe ya kuzaliwa kwa Yesu. Wakristo wa Roma walikuwa wakiadhimisha tarehe 25 Desemba katika karne ya 4, na ndugu zetu Waorthodoksi wa Ethiopia husherehekea tarehe 7 Januari. Tunaadhimisha tukio, tarehe ni chombo tu. Na kama una ndugu Mkristo ambaye kanisa lake haliadhimishi Krismasi kabisa, mkaribishe chakula bila kumbishia.

Hatua ya kwanza: kalenda, kabla ya Novemba kuisha

Majilio, yaani majuma ya kujiandaa, huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba. Kwa hiyo huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Juma moja kabla ya hapo, keti na kalenda na kalamu, na wote wa nyumbani wawepo, hata wadogo.

Andika kwanza Jumapili nne za Majilio, mkesha wa tarehe 24 na ibada ya tarehe 25. Wakatoliki waongeze siku ya kitubio na novena, yaani sala za siku tisa, ya tarehe 16 hadi 24. Aliye kwenye kwaya aandike mazoezi, na mwenye watoto aulize siku ya igizo la shule ya Jumapili. Hayo yote yaandikwe kwa wino, na kalenda itundikwe mahali ambapo kila mtu hupita.

Sasa ndipo mengine yaingie: harusi, ambazo Desemba hazihesabiki, kikao cha chama, wageni, safari. Jambo likigongana na ibada, ni hilo linalosogezwa. Mwenye harusi hakasiriki ukimwambia, "Asubuhi tuko kanisani, saa nane mtatuona." Anayekasirika ni yule uliyemwahidi asubuhi kisha ukachelewa.

Hatua ya pili: Majilio ndani ya nyumba

Hapa ndipo pa kuwekeza nguvu. Familia iliyokaa majuma manne ikisubiri haihitaji kukumbushwa siku ya Krismasi kwamba kuna kilichokuwa kikisubiriwa. Familia ambayo haikusubiri chochote itaishia kwenye pilau, na sioni cha kuishangaa.

Dakika kumi usiku zinatosha, baada ya chakula, kabla ya watu kutawanyika na simu zao. Wengi hujaribu kusoma mambo mengi mno na kufikia juma la pili wamechoka. Ushauri wangu ni sura mbili tu, ya kwanza na ya pili za Injili ya Luka, zisomwe polepole. Juma la kwanza, Zakaria na Elisabeti (Luka 1:5–25). Juma la pili, malaika Gabrieli kwa Maria (1:26–38). Juma la tatu, Maria anakwenda kumtembelea Elisabeti, na wimbo wake (1:39–56). Juma la nne, kuzaliwa kwa Yohana na wimbo wa Zakaria (1:57–80). Kifungu kile kile kirudiwe juma zima. Usiku mmoja asome baba, mwingine mtoto wa darasa la tano, mwingine bibi kama yupo. Anayetaka kuongeza, achukue Isaya 9 na Mika 5 siku za Jumapili, na Mathayo 1:18–25 apate upande wa Yusufu.

Baada ya kusoma uliza swali moja tu, la kweli. Zakaria na mkewe walisubiri mtoto hadi uzeeni: sisi hapa tunasubiri nini ambacho hakijajibiwa? Ukiuliza hivyo, halafu ukanyamaza, utasikia mambo ambayo hujawahi kuambiwa na watoto wako. Kisha sala fupi na wimbo, basi.

Mishumaa minne, mmoja ukiongezwa kila Jumapili, huwasaidia watoto kuona muda unavyokwenda. Shada la majani mabichi halidumu katika joto letu. Majani ya mvinje hukauka siku chache na kuwa hatari karibu na moto. Tumia ukili wa miyaa uliosukwa mduara kama pambo la mezani, na mishumaa yenyewe isimame ndani ya vifuu vya nazi vilivyojazwa mchanga, mbali kidogo na ukili. Feni uizime kwa hizo dakika kumi, la sivyo mtakuwa mnawasha mishumaa badala ya kusali. Mwenye kandili naye yuko sawa.

Pango la Noeli ni jambo ambalo Pwani tunaweza kulifanya kwa vitu vyetu. Inasimuliwa kuwa Mtakatifu Fransisko wa Asizi ndiye aliyetengeneza hori la Krismasi pale Greccio, Italia, mwaka 1223, akiwa na ng'ombe na punda hai, ili watu wa kawaida waone kwa macho umaskini aliozaliwa nao Bwana. Sisi tuna makuti ya paa, mchanga mweupe, makumbi ya nazi badala ya nyasi, na kipande cha jiwe la matumbawe lililobaki kwenye ujenzi (usivunje matumbawe hai baharini). Watu na wanyama wafinyangwe na watoto kwa udongo, hata ngamia akitoka kama mbuzi.

Hori likae tupu hadi usiku wa tarehe 24. Mamajusi nao wasiwekwe pangoni. Waanzie chumba kingine, juu ya kabati, na wasogezwe kidogo kidogo hadi wafike tarehe 6 Januari. Familia ambazo kanisa lao halipendi sanamu zinaweza kutengeneza pango bila watu, na mahali pa hori pakawekwa Biblia iliyofunguliwa Luka 2.

Hatua ya tatu: pesa

Nitasema machache kwa sababu kila mtu anajua hali yake. Shule za Kenya hufungua Januari, karo inadaiwa, kodi ya nyumba inadaiwa, na ndiyo maana watu wameupa mwezi ule jina la Njaanuari. Mkopo wa simu uliochukuliwa tarehe 23 kwa ajili ya nguo na soda utalipwa kwa chozi. Mzaliwa mwenyewe alilazwa horini. Hadai tukope ili tumsherehekee.

Gawa pesa ya Desemba mafungu manne kabla ya kununua chochote: ya Januari, ambayo hutengwa kwanza na haiguswi, ya sadaka, ya chakula na nauli, ya nguo na zawadi. Fungu la sadaka nalo ligawe mara mbili, na nusu moja uihifadhi. Nitaeleza mwisho ni ya nini. Nafaka na viazi vinunuliwe Kongowea mapema, viungo Marikiti, maana juma la Krismasi bei hupanda.

Hatua ya nne: safari na zamu za kazi

Hii ndiyo taabu hasa ya mji wetu, na sijaona ikizungumzwa vya kutosha madhabahuni. Mombasa ni mji wa bandari na hoteli. Krismasi ambayo wengine wanapumzika, nusu ya waumini wako Kilindini, jikoni mwa hoteli za Nyali, Bamburi na Diani, wodini, getini au nyuma ya usukani wa matatu. Nusu nyingine iko barabarani kuelekea kwao.

Kwa wasafiri, kosa la kawaida ni kupanda basi usiku wa tarehe 24. Unakesha kwenye kiti, asubuhi unafika umechoka, ibada inakupita huku umelala. Ondoka kabla ya tarehe 23, au salia mkesha Mombasa na usafiri tarehe 25 baada ya ibada. Tiketi ya treni ikatwe mapema sana. Na kabla ya kuondoka, mpigie simu mtu wa kijijini umuulize kanisa la karibu litakuwa na ibada saa ngapi. Padri mmoja huhudumia vigango vingi, yaani makanisa madogo ya parokia, na Misa ya kigango chenu inaweza kuwa tarehe 24 mchana au 26 asubuhi. Katekista atakuwa anajua. Na mkilazimika kuwa ndani ya gari usiku ule, someni Luka 2 mle mle. Maria na Yusufu nao walikuwa safarini, kwa amri ya serikali, mama akiwa na mimba kubwa.

Kwa wenye zamu, njia iliyo bora imo mikononi mwetu watu wa Mombasa. Karibu kila kazi hapa ina Waislamu na Wakristo pamoja. Mapema Desemba, zungumza na mwenzako Mwislamu: anishikie zamu ya mkesha au ya asubuhi ya Krismasi, nami nimshikie ya Idd. Andikeni na mkamjulishe msimamizi. Desturi hii ipo, inafanya kazi, na deni hilo ulilipe kwa uaminifu Idd ikifika, hata kama siku hiyo huna hamu ya kazi. Ushuhuda wa Mkristo anayetimiza zamu aliyoahidi una nguvu kuliko mahubiri mengi.

Usipopata wa kubadilishana naye, tazama ratiba za makanisa. Kwa Mkatoliki, Misa ya Krismasi ya jioni ya tarehe 24 inatosha kabisa. Parokia nyingi zina ibada zaidi ya moja, Kiswahili na Kiingereza. Na kama zamu imekula yote, familia isikusherehekee nyuma ya mgongo wako: chakula kikubwa kisogezwe hadi utakaporudi, hata ikiwa usiku, na hori lisubiri uwepo ndipo mtoto alazwe.

Hatua ya tano: jikoni, tarehe 24

Kuna mama wengi katika mji huu ambao hawajasali ibada ya Krismasi kwa utulivu miaka na miaka, kwa sababu wao ndio pilau. Baba na watoto wamevaa, wamekwenda, wamerudi wakikuta sahani zimepangwa. Mwongozo wowote wa kumrudisha Kristo katikati ya Krismasi usiomtoa mama jikoni saa ya ibada haujafika popote.

Kazi igawanywe na ifanywe siku moja kabla. Asubuhi ya tarehe 24 nyama ikatwe na kuoshwa, viungo vichambuliwe na kutwangwa: jira, iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga. Thomu na tangawizi visagwe pamoja. Vitunguu vikatwe na wavulana wa nyumba. Hakuna aliyeuawa na kitunguu. Mchana vitunguu vikaangwe hadi viwe rangi ya kahawia, nyama ichemshwe na viungo hadi iwe laini, na supu yake ihifadhiwe. Mwenye friji aweke humo vikishapoa. Asiye na friji, kwa joto la Desemba, asichemshe nyama mapema: ainunue jioni kwa muuza nyama anayemjua, aichemshe usiku, na aichemshe tena alfajiri kabla ya kutoka. Siku ya tarehe 25 kilichobaki ni mchele kuingia kwenye supu na kupalia makaa juu ya mfuniko. Ukitoka kanisani saa nne, saa sita watu wanakula.

Mahamri yapikwe alasiri ya tarehe 24. Unga ukiukanda usiku na kuuacha hadi asubuhi, kwa joto hili utafura upite kiasi na kuchacha. Yakishapoa yafunikwe kitambaa. Asubuhi yatakuwa mazuri na mbaazi. Mbaazi zenyewe zichemshwe mapema, lakini nazi ikunwe asubuhi ile ile, kwani tui halilali. Kachumbari ni ya dakika ya mwisho, na ni kazi ya wanaume.

Nyumba ifagiliwe na nguo zipigwe pasi kabla ya saa kumi jioni. Kuanzia saa hiyo kusiwe na mtu wa kumtuma mwenzake.

Hatua ya sita: mkesha

Kabla ya kutoka, keti wote mbele ya pango. Zima taa, washa mishumaa yote minne, asome mmoja Luka 2:1–20 polepole, bila maelezo. Mdogo kuliko wote amlaze mtoto horini. Imbeni wimbo mmoja wa Noeli mnaoujua wote. Nyumba zenye msiba wa mwaka huo zitaje jina la marehemu hapa, kwa sauti. Watu huogopa kwamba kumtaja kutaharibu furaha, wakati kila mtu tayari anamwaza. Habari njema ya usiku ule ilipelekwa kwa wachungaji waliokuwa gizani kazini; mwenye huzuni hana haja ya kujificha ili asikilize.

Usafiri upangwe mchana. Anayetoka Likoni kwenda kisiwani ahesabu foleni ya feri, na anayetoka Mtwapa ahesabu msongamano wa Nyali. Makanisa makuu mawili, la Roho Mtakatifu la Wakatoliki na lile la Kumbukumbu la Waanglikana lililojengwa kati ya 1903 na 1905, yote yako barabara ya Nkrumah, na usiku huo mitaa ile hujaa. Fika nusu saa kabla. Mwelewane na dereva wa tuktuk unayemjua awarudishe. Mwenye watoto wachanga au mzee asiyeweza kukesha achague ibada ya jioni au ya asubuhi bila kujiona amepungukiwa.

Wanaokesha, waende kukesha kweli. Kijana anayeaga nyumbani kwamba anakwenda mkesha wa kanisani huku rafiki zake wanamsubiri klabuni anajulikana. Aongozane na familia, akae nayo benchi moja.

Hatua ya saba: meza ya tarehe 25, na sahani za majirani

Kabla ya kula, mtu mmoja aombe, na aombe kwa sababu ya siku yenyewe. Mara nyingi sala ya chakula siku ya Krismasi ni ile ile ya kila siku, imeharakishwa kwa sababu pilau inapoa. Mpe kazi hiyo mapema anayeweza kuiandaa: amshukuru Mungu kwa kumtoa Mwanawe, na ataje kwa majina wasiokuwepo.

Kisha sahani za majirani zitoke kabla ya wenyeji hawajaanza kula. Mombasa sahani ya pilau hutembea. Idd imekuja kwenu, Krismasi inakwenda kwao. Ifanye kwa namna ambayo jirani Mwislamu ataila bila wasiwasi. Nyama iwe imechinjwa na Mwislamu, na kama mnachinja mbuzi au kuku nyumbani mwite jirani awachinjie. Sufuria isiwe imepikiwa nguruwe, na chakula kisitiwe kilevi cha aina yoyote. Mpelekee mtoto aliyefundishwa kusema: "Shikamoo, mama anakusalimu, leo tunasherehekea kuzaliwa kwa Yesu." Inatosha. Majirani zetu wanamjua Isa bin Maryam na wanamheshimu kama nabii; sisi tunamkiri kuwa Mwana wa Mungu na Mwokozi. Tofauti hiyo ni kubwa na hatuifichi, lakini mlangoni si mahali pa mjadala. Na muziki wenu, hata wa injili, upunguzwe adhana inapoadhiniwa.

Mezani pawe na mtu asiye wa ukoo. Mtoto huyu alizaliwa penye wanyama kwa kuwa nyumba ya wageni haikuwa na nafasi, na Pwani tunajisifu kwa ukarimu, basi tuanzie hapo. Mlinzi wa ploti ambaye kwao ni mbali. Mwanafunzi aliyekosa nauli. Mjane wa jumuiya yenu. Mabaharia wanaotia nanga Kilindini huweza kupitisha Krismasi mbali na wake na watoto wao kwa miezi. Huduma ya Kanisa la Anglikana kwa mabaharia ina kituo hapa Mombasa, na kikundi cha kanisa kinaweza kuuliza jinsi ya kusaidia. Wanaotaka kwenda gereza la Shimo la Tewa au wodi za hospitali kuu ya Pwani wapitie kwa kasisi anayehudumu huko, wiki kadhaa kabla, kwa sababu ruhusa haitolewi mlangoni.

Kilevi: makanisa mengine yanakikataza kabisa, mengine yanaachia dhamiri. Kwa vyovyote, nyumba ambayo mnazi au bia ndiyo inayoamua sherehe iishe saa ngapi haiadhimishi Krismasi.

Watoto, zawadi na Baba Krismasi

Usipigane na Baba Krismasi, mweleze alikotoka. Nyuma yake kuna mtu wa kweli, Askofu Nikolasi wa Mira, katika nchi iitwayo leo Uturuki, wa karne ya 4, ambaye kanisa humkumbuka tarehe 6 Desemba na ambaye masimulizi yanamsifu kwa kuwapa maskini kwa siri. Siku hiyo kila mtoto achague kitu chake kizuri, si kilichochakaa, akitoe kwa mwenzake bila kutangaza. Siku ya Krismasi apate zawadi moja. Nguo mpya si dhambi, na sioni ubaya mtoto kwenda kanisani amependeza; mwambie tu kwamba amevalia siku ya kuzaliwa ya mtu.

Ufuo

Watoto watataka kwenda Pirates. Tarehe 25 alasiri pale hakuna pa kukanyaga, watoto hupotea na bahari huchukua watu. Nashauri tarehe 26. Mkienda tarehe 25, iwe baada ya ibada na chakula, mtazame saa za maji kujaa na kupwa, na mtu mzima mmoja kazi yake iwe kuhesabu vichwa tu.

Hatua ya mwisho: Krismasi haiishi tarehe 26

Madukani mapambo hushushwa mara moja. Kanisani sherehe ndiyo kwanza imeanza. Tarehe 26 ni ya Stefano shahidi, 27 ya Yohana mtume, 28 ya watoto wachanga waliouawa na Herode, siku nzuri ya kuwaombea kwa majina watoto wa mtaa wenu walioacha shule au wanaoingizwa kwenye dawa za kulevya. Tarehe 1 Januari soma Luka 2:21, alipopewa jina. Tarehe 6 Mamajusi wafike pangoni, msome Mathayo 2, pamoja na kukimbilia Misri, na muwaombee wakimbizi.

Katika siku hizo, wasiosafiri waende Rabai, wapitie Mazeras. Mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine na binti yao mchanga upande wa Nyali. Hata hivyo hakurudi kwao wakati huo. Mmisionari mwenzake Johannes Rebmann alipomfikia mwaka 1846 walianzisha misheni Rabai, na Rebmann akakaa hadi 1875, macho yakimpotea. Kuna makumbusho pale, na kanisa la zamani. Mkirudi, simameni Kengeleni muione kengele ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Waambieni watoto kwamba watu hao, waliotekwa na kuuzwa, ni miongoni mwa Wakristo wa mwanzo wa misheni za karne ya 19 katika mji huu, na kwamba baadhi ya familia zao bado zipo Kisauni.

Pango livunjwe baada ya tarehe 6, vinyago vifungwe kwenye boksi. Sasa ile nusu ya sadaka iliyohifadhiwa. Nyumba za watoto yatima na za wazee hufurika wageni, mchele na sukari tarehe 25. Februari ghala ni tupu na hakuna anayebisha hodi. Andika kwenye kalenda mpya tarehe 2 Februari, siku ya 40, Yesu alipopelekwa hekaluni na wazee wawili, Simeoni na Ana, wakampokea. Piga simu wiki moja kabla, uliza wanachohitaji hasa, kwa kuwa mara nyingi ni sabuni, nepi au dawa kuliko biskuti. Someni Luka 2:22–40 nyumbani asubuhi, kisha mpeleke.